Kijana Aliyebeba Mlango

Kwa miaka minne Ndila alishona mfuko wa nyuma wa kulia. Huo tu. Suruali ilimfikia ikiwa vipande, yeye akabandika mfuko wake, akakata uzi, akaisukuma kwa mwenzake wa kushoto, na suruali ikaenda zake. Hakuwahi kuona hata moja iliyokamilika. Mwisho wa laini ya kiwanda ulikuwa nyuma ya ukuta mwingine, na ukiinuka kwenda kuchungulia, supavaiza alikuuliza, "Unaenda wapi, kwani umetumwa?" Kwa hivyo mtu alikaa.

Alipanga chumba Athi River, katika ploti ya vyumba kumi na viwili, chake kikiwa cha mwisho kando ya tangi la maji. Majirani walimwambia "Sasa," naye akajibu "Poa," na maneno ya siku nzima yakawa yameisha. Si kwamba walimchukia. Mtu wa zamu ni kama jogoo wa jirani: unamsikia alfajiri, unajua yuko hai, yametosha.

Mtoto wake alikuwa Ekalakala kwa nyanya yake. Ndila alimwacha huko akiwa ndiyo kwanza anasimama kwa kushika stuli, akaenda Machakos mjini kufanya kazi za nyumba za watu, kisha akapata cherehani ya kiwanda. Sasa mtoto alikuwa na miaka tisa. Aliitwa Ndunda, jina la baba yake Ndila, kwa sababu Ndila hakuolewa, na mtoto wa msichana aliye nyumbani huchukua jina la nyumba hiyo. Kwa hivyo nyanya yake, Nduku, alimwita "mume wangu" mbele za watu na watu wakacheka, na Ndila alikuwa na haki ya kumwita "nau," yaani baba yangu. Mtoto naye alimwita Nduku "mwaitu," mama, kwa kuwa ndiye aliyemwona kila asubuhi. Na mamake mzazi akamwita kwa jina, Ndila, vile alivyomsikia Nduku akimwita. Hakuna aliyemfundisha vibaya. Mtoto huokota jina pale lilipoanguka.

Kila Jumapili Ndila alipiga simu ya duka la sokoni Ekalakala, na Nduku akawa hapo anangoja na mtoto.

"Ongea na Ndila," sauti ya Nduku ilisema kule mbali.

"Nau, umekula?"

"Ee."

"Shule je?"

"Iko."

"Unataka nikuletee nini?"

"Sijui."

Halafu ilikuja ile pumzi ya mtoto ndani ya simu, puu, puu, kama mtu anayepuliza moto usiotaka kushika, mpaka Nduku akaichukua simu.

"Huyu mume wangu unadhani hana mdomo," Nduku alisema Jumapili moja ya Julai, mwaka wa 2004. "Ungemsikia akitoka kwa Mutua kinyozi, kwa ile televisheni yake ya betri ya gari. Anaongea mate yanakauka. Ni katuni ya Wajapani, kuna kijana anatembea na mlango mgongoni. Amenichorea mlango huo na makaa ukuta mzima wa jikoni. Nimemwambia, mume wangu, jikoni iko na mlango mmoja, wewe umeiwekea tisa."

Ndila alicheka kidogo. Nduku hakucheka.

"Sasa sikiza. Agosti hospitali ya Machakos wananipasua mtoto wa jicho. Nitakaa kwa dada yangu wiki mbili. Mtoto anakuja kwako. Na wewe Ndila, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Uongee na yeye."

Ndila alirudi chumbani akakaa kitandani. Wiki mbili. Alijaribu kupanga maneno ya wiki mbili, akapata ya dakika tatu: umekula, umelala, umeoga. Baada ya hapo itakuwa ile pumzi tu, safari hii bila waya katikati. Ndipo akaamua kumtafuta huyo kijana wa mlango. Kama mtoto alikuwa na mahali anapoongea, basi naye angeenda hapo akabishe.

Duka alilonunulia sabuni lilikuwa la Deeqa, binti wa Msomali mfanyabiashara wa ng'ombe, karibu na njia ya kwenda kichinjio. Deeqa aliuza sukari, vitambaa na betri, na kwenye rafu ya juu alikuwa na diski za filamu za kukodisha.

"Dada Deeqa, uko na katuni ya Wajapani? Ya kijana anabeba mlango."

Deeqa alimtazama kama mtu aliyeulizwa bia.

"Ni ya nani?"

"Ya mtoto wangu."

"Uko na mtoto?"

"Wa miaka tisa. Yuko kwa mama yangu."

"Miaka mitatu unanunua sabuni hapa, hujaniambia uko na mtoto."

"Hukuniuliza."

"Mtoto haulizwi, mtu anasema mwenyewe." Deeqa alikuwa ameshapanda stuli, vidole vyake vikipita juu ya diski. "Anaitwa nani?"

"Ndunda."

"Basi, Mama Ndunda, iko. Ya kwanza peke yake. Ya pili ilichukuliwa na mtu akahamia Nairobi nayo."

Tangu aje Athi River hakuna aliyekuwa amemwita hivyo. Ndila aliangalia sabuni.

"Mimi sina TV," alisema.

Deeqa alionyesha kwa kidevu televisheni ndogo ya rangi mwisho wa kaunta, aliyoitumia kujaribu diski. "Njoo Jumapili saa nane. Saa hiyo wateja wamelala."

Jumapili hiyo Ndila alioga, akavaa rinda la kanisani, akakaa juu ya gunia la mchele, mikono mapajani. Alisoma hadi darasa la sita. Maneno ya Kiingereza yaliyopita chini ya picha yalimkimbia, kwa hivyo Deeqa, aliyefika kidato cha pili, alimsomea akimweleza kwa Kiswahili huku akipima sukari.

Kwanza kulikuwa na wimbo. Watu walikimbia dakika nzima, upepo ukiwapiga nywele, hakuna aliyefika.

"Wanaenda wapi?"

"Hakuna mahali. Ni wimbo wa kuanza."

Kisha kijana akatokea barabarani peke yake. Nywele zake zilikuwa za buluu, zimesimama kama majani ya mkonge. Macho yalikuwa makubwa kama visosi, na ndani ya kila jicho kulikuwa na taa mbili. Mgongoni alikuwa na mlango mzima wa mbao, wa kijani, pamoja na komeo lake, na kamba ya kuubebea ilipita kwenye paji la uso, vile wanawake wa Kikamba wa Ekalakala hubeba kuni.

"Huyu ni Mkamba," Ndila alisema.

Deeqa alicheka hadi sukari ikazidi kwenye mizani.

Kijana alikuwa na njaa. Aliingia kibandani akala bakuli baada ya bakuli mpaka zikapandana zikampita kimo, tumbo likavimba kama ngoma, na picha iliyofuata tumbo halikuwepo.

"Limeenda wapi?"

"Ni katuni, Mama Ndunda."

Mwenye kibanda, mama mnene, akampiga kichwani na upawa, papo hapo ikaota nundu kama yai la mbuni, na nundu ikawa tayari imebandikwa plasta.

"Nani amembandika?"

"Ukiuliza kila kitu hatutamaliza."

Ndila akawa anaangalia tu. Aliona mambo mengi asiyoyaelewa. Midomo ilimaliza kusema, maneno yakabaki nyuma. Mtu alipoona haya, tone la maji kubwa kama papai lilitokea kando ya kichwa chake. Ndila alidhani ni homa, akamwonea huruma. Wakaja majambazi wanne, na hapo ndipo alipostaajabu zaidi, kwa sababu walipigana huku wakihutubiana. Mtu aliruka, ngumi ikafika nusu ya njia, akasimama pale hewani akataja jina la ngumi yake kwanza, na mwenzake akamngoja amalize. Kiwandani sindano ikisimama hewani namna hiyo, wewe ushaandikiwa barua ya onyo.

Kijana hakuwa na ngumi yenye jina. Aliusimika mlango ardhini. Jambazi wa kwanza alikuja mbio, kijana akaufungua, jambazi akapita moja kwa moja mpaka kwenye birika la kunyweshea punda. Wa pili alijificha nyuma ya mlango. Kijana akabisha, ngo, ngo, kwa adabu, jambazi akasahau akafungua, akapigwa nao usoni.

Deeqa alishika kaunta kwa kicheko. Ndila naye alicheka, kwa kuchelewa, na kicheko chake kilimshtua kidogo, kama sauti ya mtu wa chumba cha pili. Akaja mteja wa nusu kilo ya mchele. Ndila akainuka kwenye gunia, Deeqa akabonyeza kitufe, na kijana akabaki mguu mmoja juu, amevumilia, mpaka mchele ukapimwa.

Kisha vita vikaisha na ikawa jioni huko kwao. Kijana alikwenda hadi uwanjani kusikokuwa na nyumba. Akausimika mlango peke yake kwenye nyasi, bila ukuta, akapita ndani yake, akafunga komeo, akalala nyuma yake. Mvua ikanyesha pande zote. Hapo hapakuwa na tone kichwani wala nundu. Ndila alisogea mbele ya gunia.

Ikaja picha nyingine, ya zamani. Nyumba ndogo, mlango ni ule ule. Mtoto amesimama, kichwa chake hakijafika kwenye komeo. Mlangoni yuko mwanamke, uso hauonyeshwi, mkono tu na furushi. Maneno yakapita chini, na Deeqa akaacha kusoma.

"Anasema nini?"

"Anasema, 'Funga mlango. Nitarudi kabla chai haijapoa.'"

Kikombe kilikuwa mezani, kinatoa moshi. Moshi ukapanda, ukakatika vipande vya mraba, ukasimama. Deeqa alisubiri. Akaitoa diski, akaipangusa na leso, akairudisha. Moshi ulisimama pale pale.

"Imekwaruzwa hapo."

"Alirudi?"

"Nani?"

"Huyo mama."

"Sijui, Mama Ndunda. Mimi hukodisha, siangalii."

Ndila alirudi nyumbani polepole. Alikumbuka stuli, na mkono mdogo juu yake. Siku ile alimwambia mtoto anaenda dukani kumnunulia mkate, anakuja sasa hivi. Ndivyo watoto huambiwa ili wasilie, kila mama hufanya hivyo. Na mtoto wa umri ule hakumbuki. Anayekumbuka ni mama.

Agosti, siku ya Ijumaa, Nduku alimkabidhi mtoto katika stendi ya Machakos, jicho moja likiwa na ukungu mweupe, akasema, "Mume wangu, usinitupe." Ndunda alikuwa amebeba kiondo. Alikuwa mrefu kuliko sauti yake. Alimwamkia Ndila kwa heshima, akamfuata hatua mbili nyuma.

Akawa mgeni mwema. Alikaa ukingoni mwa kitanda asikunje shuka. Alikula alichopewa. "Asante, Ndila," alisema baada ya kila sahani, na kila mara Ndila alijibu karibu, kama mwenye hoteli. Ijumaa ikapita, Jumamosi ikapita. Yale maneno ya dakika tatu yaliisha Ijumaa jioni.

Jumapili mchana walikaa nje kando ya tangi wakichambua maharagwe ya kupika muthokoi pamoja na mahindi yaliyokobolewa, sinia katikati yao. Ndila alikuwa amelishika neno lake tangu asubuhi na sasa lilikuwa limepata jasho.

"Nimeona katuni yako."

Ndunda hakuinua kichwa. "Gani?"

"Ya mlango."

"Wewe?"

"Mimi. Ile ya kwanza kabisa, pale inaanzia."

Mtoto alibaki na jiwe dogo kati ya vidole. "Hakuna mtu ameona ya kwanza. Kwa Mutua tulianza katikati."

"Mimi nimeona."

"Danganya mwingine."

"Niulize."

Alifikiri. "Mlango uko na rangi gani?"

Ndila alidhani anapimwa. "Kijani."

Ndunda aliliweka jiwe chini. "Kijani gani? Ya majani ama ya sabuni?"

Ndipo Ndila akaelewa. Televisheni ya Mutua, ile ya betri, ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Mtoto hakuwa anampima. Alikuwa hajui.

"Ya majani," alisema kwa uangalifu. "Ya mbaazi, mvua ikitoka kunyesha."

"Na nywele?"

"Buluu."

"Wacha."

"Buluu, kama ovaroli yangu ya kazi."

Ndunda alifunika mdomo kwa mkono, mabega yakatikisika. "Sisi tunasema ni mvi. Tunasema ni mzee amekunywa dawa akawa kijana."

"Ni buluu, nau. Nilikaa karibu nayo kama wewe na hilo sinia."

Basi akamweleza yote. Alimweleza tumbo lililopotea na plasta ya nundu. Alipofika kwenye vita maneno hayakutosha, akasimama, akamwaga maharagwe kwenye ndoo, akashika sinia mbele yake likawa mlango. "Njoo kama jambazi," alisema. Ndunda akaja mbio, Ndila akausogeza mlango kando, mtoto akapita hadi kwenye tangi. Akarudi. Ndila akabisha kwenye sinia, ngo, ngo, na Ndunda akaanguka chini kabla hajaguswa. Wanza wa chumba cha tisa alitoa kichwa dirishani, akakitazama kioja hicho cha mtu wa zamu, akarudisha kichwa ndani. Ndila hakumjali.

Walikaa tena, wote wanahema.

"Na kwa nini anaubeba?" Ndunda aliuliza. "Mutua anasema ni seremala, anatangaza kazi. Wengine wanasema aliuiba. Mimi nasema..." Akaacha.

"Wewe unasema nini?"

"Sisemi."

Ndila aliangalia maharagwe kwenye ndoo. Angeweza kusema ni ngao. Angeweza kusema diski haikufika hapo, na mtoto angeamini, maana siku hiyo alikuwa ameamini hata nywele za buluu. Lakini alikuwa ameshamwambia uongo mmoja huyu, wa mkate, na bado haujaisha.

"Mama yake aliondoka kwa huo mlango," alisema. "Alimwambia afunge, atarudi kabla chai haijapoa."

Punje ya harage ilianguka kwenye ndoo. Nyingine.

"Alirudi?"

"Diski ilikwama hapo. Sijui."

Ndunda alichagua jiwe, akalitupa mbali. Alipozungumza ilikuwa kwa upole, kama mtoto anayemwambia mtu mzima jambo ambalo mtu mzima alipaswa kulijua.

"Mimi nimeona za mbele. Nyingi. Bado anaubeba."

Waliendelea kuchambua, kisha muthokoi ukapikwa, ukaiva. Aliposhukuru, Ndunda alikuwa ameketi katikati ya kitanda.

Jumatatu alfajiri Ndila alivaa ovaroli. Alikuwa ameeleza kila kitu: chai kwenye thamosi, mkate, ufunguo wa kufuli shingoni kwa uzi, mchana akae dukani kwa Deeqa. Alishika komeo, na yale maneno, funga mlango, yakafika mdomoni yakagoma. Alibaki amesimama.

"Ndila." Mtoto alikuwa ameketi, blanketi hadi kidevuni. "Unarudi saa ngapi?"

Hakusema sasa hivi. Hakusema jioni. "Saa kumi na moja na robo."

"Na wakiongeza kazi?"

"Hata wakiongeza."

Ndunda alishuka akaja hadi mlangoni, miguu mitupu. "Toka basi, nifunge."

Nje, Ndila alilisikia komeo likiingia.

Siku hiyo alishona mifuko kama mtu anayefukuzwa. Saa kumi na nusu supavaiza akatangaza saa mbili za ziada, mzigo unaondoka kesho, na hakuangalia upande wa Ndila, kwa kuwa Ndila hakuwahi kukataa. Angeharakia nani? Ilipofika saa kumi na moja Ndila alizima cherehani akainuka.

"Unaenda wapi, kwani umetumwa?"

"Ee," alisema. "Nimetumwa."

Getini walimpekua mara mbili. Anayetoka kabla ya wenzake hushukiwa kuwa na kitambaa tumboni, na mwanamke wa kupekua alikuwa ameenda msalani, ikabidi angojwe. Kutoka hapo Ndila alitembea, kisha akakimbia, vumbi la simiti likimpanda magotini. Redio za ploti zilikuwa zinataja saa kumi na mbili kasorobo alipofika kwenye tangi.

Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa ndani. Alibisha, ngo, ngo.

"Nani?"

Alisimama, mkono juu. Kulikuwa na jibu moja, mama yako, alilokuwa amelibeba miaka mingi, naye alilipima, akaliacha mgongoni.

"Ni mimi," alisema. "Ndila."

Komeo likatoka. Ndunda alimpisha. Juu ya meza kulikuwa na kikombe kimoja cha chai kimefunikwa na kisosi. Alikuwa ameimimina saa kumi na moja na robo.

Ilikuwa imepoa. Ndila aliinywa yote akiwa amesimama, kitambulisho cha kazi bado mkononi, na mtoto akimwangalia mpaka tone la mwisho.